Vijumba vya Mwalimu Wolfgang

Natalia Sulle alipoajiriwa katika sekondari moja mjini Mbulu, kazi aliyopewa ilikuwa kufagia. Hakuna aliyemtuma kuchungulia. Alikuwa binti wa wakulima wa Endasak, ana cheti cha darasa la saba na sweta moja la kukabili baridi ya Mbulu, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mama yake mzazi alishindwa kuutibu: akiona kitu kimefunikwa, lazima afunue. Akifagia maabara, anafungua makabati. Akiosha chupa, anasoma vibandiko vyake. Mwaka wa tatu mkuu wa shule aligundua kwamba yule mfagiaji anajua kilichomo mle kuliko walimu wenyewe, akampa koti jeupe na cheo cha mhudumu wa maabara. Koti lilikuwa la mtu mrefu, akalipunguza mwenyewe kwa sindano.

Basi siku Mwalimu Wolfgang alipohamishiwa pale kutoka Lindi kufundisha biolojia, akashuka kwenye basi na begi moja la nguo na sanduku la mbao ambalo wanaume wawili walilibeba kwa kuhema, unaweza kukisia ni nani alikuwa wa kwanza kuuliza kuna nini ndani.

"Mawe, mama," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, Mbulu nzima hii umekosa mawe mpaka uyatoe Lindi?"

Mwalimu alicheka, akafungua. Ndani mlikuwa na bahasha tano za kaki, kila moja na namba yake, zimejaa vipande vidogo, vingi havizidi ukucha wa kidole gumba. Akampa kimoja pamoja na lenzi ya mkono. Natalia alisogea dirishani, akaona kwamba kile alichodhani ni kijiti kilichogeuka jiwe kimejaa vitundu, mamia ya vitundu, vimepangwa kwa safu bila kukosea.

"Hivyo ni visukuku vya briozoa," Mwalimu akamwambia. "Ni wanyama wa baharini, mmoja ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Kila mmoja anajijengea kijumba cha chokaa, ukuta wake ndio ukuta wa jirani, mpaka mji mzima unasimama. Wenyewe wanakufa, mji unabaki. Hawa walikufa kabla mlima Hanang haujawa mlima."

Natalia alikuwa ameshaanza kuhesabu milango ya vijumba.

Tuseme ukweli, kwa watu wengi hadithi ingeishia hapo. Jiwe lenye matundu halimkoseshi mtu chakula. Lakini Natalia alirudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki haijaisha alikuwa amemwomba Mwalimu amwachie vipande ishirini vya bahasha moja avipange. Akavipanga asubuhi moja kwa fahari kubwa: vyenye matawi huku, vilivyo bapa kule, vilivyotoboka kama wavu pembeni. Mwalimu akaviangalia, akavisukuma vyote katikati ya meza, vikachanganyika tena.

"Umepanga watu kwa makoti yao," alisema. "Umbo la mji mzima linadanganya. Kwenye maji matulivu unajengwa hivi, kwenye mawimbi unajengwa vile, na koo mbili zisizojuana kabisa zinaweza kujenga mji wa sura moja. Achana na mji. Piga hodi kwenye kijumba kimoja."

Natalia alinuna kwa dakika mbili hivi, kisha akaelewa, tena haraka kuliko mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne. Kwao Endasak mama yake alikuwa akichagua maharage ya mbegu. Maharage mawili mekundu, saizi moja, mng'ao mmoja, lakini moja linaiva upesi na lingine linamaliza kuni. Mama hakuangalia rangi. Aligeuza kila punje, akatazama kitovu chake. Natalia akaanza kutazama vitovu vya mawe. Mlango ni wa duara, au una pengo upande wa chini? Kuna alama za miiba kuuzunguka? Ukuta wa mbele umetobolewa vitobo, au ni mzima? Kuna kiputo juu ya mlango, pale mnyama alipolelea mayai? Na vile vyenye vijumba virefu kama mirija, Mwalimu alivisugua juu ya kioo kwa unga wa msasa mpaka vikawa vyembamba mwanga ukapita, akamwonyesha kwa hadubini ya shule visakafu vidogo vilivyokatiza ndani ya mrija, mnyama alivyokuwa akihama ghorofa kila alipokua. Kuna aina zenye visakafu vingi, kuna zenye viwili tu, na kuna zisizo na kitu.

Kwa miaka mitano wawili hao walitambua aina tisa katika vipande vile. Natalia alihifadhi mifano michache ya kila aina kwenye visanduku vya viberiti, bila namba, vingine vyote vikarudi kwenye bahasha zao. Mumewe, Hermani, fundi mwashi, alimtania kwamba yeye analipwa kwa kupanga mawe makubwa, mkewe anapanga madogo bure. Walimu wakampa jina la Mama Vitundu, akaliitikia.

Kisha Mwalimu Wolfgang akaugua, na ugonjwa ule haukumpa nafasi. Natalia alikwenda kumwona hospitalini. Mwalimu alikuwa amekonda, sauti imebaki kidogo, lakini habari aliyoitaka ilikuwa ya sanduku.

"Mama Natalia, nataka viende makumbusho. Viandikwe vizuri, na mahali vilipotoka. Kisukuku kisichojulikana kimetoka wapi ni kokoto tu. Bahasha ni tano, vituo nilikoviokota ni vitano, daftari lipo. Nitunzie."

Natalia akaahidi. Mwalimu alipofariki, mjane wake, Juliana, alirudi kwao Lindi na watoto. Sanduku likabaki stoo ya maabara.

Mwaka uliofuata masika yalikuja kwa fujo. Jumatatu moja Natalia alifungua stoo akakuta bati limevuja, maji yameingia sandukuni, bahasha zimelowa na zimeanza kuota ukungu. Sasa sikiliza alichofanya, na usimcheke, maana mwanamke yeyote wa Endasak angefanya hivyohivyo. Mvua ikikuta maharage kwenye magunia hakuna muda wa kuuliza hili ni la shamba lipi. Unatandaza turubai, unamwaga yote juani, unakausha kwanza. Kuchambua kutafuata, kwa sababu kila punje inajitaja kwa sura yake. Mikono ya Natalia ilifanya hayo kabla kichwa hakijafika. Alitandaza turubai uani, akang'uta bahasha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Alikuwa amepiga magoti akivitenganisha vipande visigusane ndipo akasimamisha mkono hewani.

Aina ya mnyama, ndiyo, kipande kingejitaja chenyewe. Lakini kituo? Aina moja ilipatikana kwenye vituo vitatu. Vipande havikuandikwa namba. Namba zilikuwa kwenye bahasha. Vipande mia moja sabini na tisa, na alikuwa amevigeuza kokoto kwa mkono wake mwenyewe. Natalia alilia pale uani mpaka mlinzi akadhani amepokea habari ya msiba.

Hakumwambia mtu. Aibu ilimshika, na aibu ikikaa inazoea kukaa. Kila Novemba, kwenye misa ya marehemu, alilitaja jina la Wolfgang kimoyomoyo na kumwomba msamaha.

Ila ugonjwa wa kufunua haukumwacha. Siku moja, kama mwaka mmoja baadaye, alikuwa anatazama mlango wa kipande kimoja kwa hadubini na uchafu umeuziba. Alichukua mswaki mkavu ausugue. Kabla hajaugusa aliona kwamba ule uchafu una punje za kijani, ndogo mno, zinang'aa. Akatoa kipande kingine cha aina ileile: uchafu wake ni mweupe, unga mtupu. Cha tatu: kijivu, laini, umeshikana. Akaweka mswaki chini polepole, akaenda kuchukua daftari la Mwalimu.

Mwandiko wa Mwalimu ulikuwa wazi kabisa. Kituo cha kwanza, juu ya korongo la Lindi: chokaa nyeupe, laini. Cha pili: mchanga wenye punje za kijani. Cha tatu: mfinyanzi wa kijivu. Cha nne: mchanga mwekundu. Cha tano, chini kabisa karibu na maji: mfinyanzi mweusi wenye vumbi linalometameta. Mnyama alipokufa, kijumba chake kilijaa matope ya mahali alipozikwa. Bahasha ilikuwa imesahau, lakini kijumba kilikumbuka!

Natalia alipiga kelele peke yake maabara. Tangu siku hiyo mswaki ulipigwa marufuku mle ndani.

Alifanya kazi ile miaka saba, saa za mapumziko na siku za Jumamosi, sindano mkononi, akichokoa chembe moja ya tope kutoka kijumba kimoja cha kila kipande. Pale alipokuwa na hakika alikirudisha kwenye bahasha mpya yenye namba. Pale tope lilipokuwa limetoka, au rangi haieleweki, alikitia kwenye kopo. Vipande mia moja ishirini na kimoja vikapata kwao. Hamsini na vinane vikabaki koponi. Vinne hakuvigusa. Hivyo vilikuwa vimegandia gundi chini ya ile bahasha ya tatu ya zamani, havikumwagika siku ile ya turubai. Hivyo pekee ndivyo vilivyobaki pale mkono wa Mwalimu ulipoviweka. Angeweza kuvitumia kupima kama njia yake ni ya kweli, na alilijua hilo vizuri. Aliogopa jibu.

Mwaka huu Natalia amebakiza miezi minne kustaafu. Mkuu wa shule, Mwalimu Cyprian, alitaka stoo itolewe vitu, akaandika barua kwenye jumba moja la makumbusho Dar es Salaam, na Julai, baridi ikiwa kali, akaja Daktari Evaline, mtaalamu wa visukuku, amejifunga mtandio juu ya koti na bado anatetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na baridi yetu."

Alikuwa binti mchapakazi. Alifungua visanduku vya viberiti kimoja kimoja, akalinganisha na picha alizokuja nazo, na kila mara alisema "mm!" kama mtu anayeonja mchuzi. Aina tisa alizikubali nane. Ya tisa alisema ni mbili, akamwonyesha Natalia tofauti: kwenye vipande vingine kiputo cha mayai kina mdomo wake peke yake, kwenye vingine kinafunguka ndani ya mlango wa kijumba. Natalia alitazama muda mrefu. Alikasirika kidogo kwamba hakuliona mwenyewe, halafu akafurahi sana.

Kisha Daktari akatazama bahasha tano, safi, zimeandikwa vizuri, akatoa fomu. Akawa anajaza huku anasoma kwa sauti. "Mkusanyaji: Mwalimu Wolfgang. Mahali vilipookotwa: kama alivyotenga mkusanyaji kwenye bahasha zake." Akaisukuma fomu upande wa pili wa meza. "Weka saini hapa, mama, kama mtunzaji. Basi, vitaingia kwenye kumbukumbu kwa jina lake."

Natalia akashika kalamu. Hakuna ambaye angejua. Mwenye vitu ni marehemu, yule mlinzi aliyemwona akilia ameshahama, na fomu iko mbele yake. Saini moja tu na ahadi ya hospitalini imetimia.

Akaiweka kalamu chini.

"Mwanangu, hizo bahasha si zake. Ni zangu."

Akaeleza yote: mvua, turubai, kopo, sindano. Daktari Evaline alisikiliza bila kumkatisha. Natalia alipofikia habari ya matope, macho ya Daktari yalimng'aa, akauliza maswali mengi, lakini mwishoni akauliza lile ambalo Natalia alilitarajia.

"Kuna hata vichache ambavyo havikuchanganyika?"

Natalia akaileta ile bahasha kuukuu. Daktari akabandua vipande vinne kwa maji ya uvuguvugu, akakiweka kimoja kimoja chini ya hadubini. Natalia akachokoa, akasoma.

"Kijivu, laini. Kituo cha tatu."

Sawa. Kikaja cha pili, na Natalia akakichokoa mara mbili.

"Kina punje za kijani. Hiki ningekiweka kituo cha pili."

Kikaja kingine: kijivu tena, sawa. Cha nne kilikuwa cheupe, unga mtupu. Vipande vinne vya bahasha moja, na matope yamekubali viwili tu.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa mtandio. "Mama, pengine tope linaingia baadaye, likisafirishwa na mvua kutoka tabaka la juu. Siwezi kuandika kituo kwa ushahidi wa aina hii." Aliongea kwa upole, na upole ule ulimuuma Natalia zaidi. "Nitavichukua vya kufundishia. Wanafunzi wataona milango, viputo, visakafu. Ila haviwezi kuingia kwenye kumbukumbu. Bila mahali, na jina la Mwalimu haliingii."

Akatoka kwenda kumuaga Mwalimu Cyprian. Natalia alibaki amekaa kwenye kigoda cha maabara. Kwa hiyo miaka saba ya sindano ilikuwa mchezo wa mtoto na matope. Alijiona mjinga, mzee mjinga mwenye koti la kupunguza. Na kwa kuwa siku ile alikuwa ameshaanza kusema kweli, aliona heri aimalize yote, akampigia simu Juliana huko Lindi.

Alimweleza mjane kila kitu. "Nisamehe, dada. Mume wako alinikabidhi vitu vimetengwa vizuri, mimi nikavichanganya."

"Vimetengwa?" Juliana akauliza. "Na nani?"

"Na Mwalimu. Kwenye zile bahasha."

Juliana akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyemkumbuka mume wake ghafla. "Wolfgang huyuhuyu? Natalia, mume wangu alikuwa akishinda korongoni kutwa, anarudi mifuko ya koti imejaa, ya suruali imejaa, vingine kavitia kwenye kofia. Vyote pamoja! Namwambia chukua hata vikopo, anasema nitakumbuka. Ndipo tunakaa mezani, mimi nashika bahasha, yeye anashika kipande, anakuna kichwa: hiki nadhani cha tatu, hiki nadhani cha kwanza. Tuligombana kwa ajili ya hiyo 'nadhani' yake. Daftari tu ndilo aliloliandika kulekule."

Natalia hakuaga. Alitoka mbio, mwanamke wa miaka hamsini na tisa na miezi minane, koti jeupe linapepea, akamkuta Daktari Evaline anapakia mizigo kwenye gari. Akampa simu bila maelezo. Juliana akasimulia upya, na safari hii akaongeza ile ya kofia kutoboka.

Daktari akarudisha simu taratibu. Alikuwa ametazama chini kama mtu anayepiga hesabu kichwani.

"Kwa hiyo daftari liliandikwa mbele ya mwamba," alisema, "na bahasha zilijazwa mezani, kwa kukisia. Mama, leo tulipima matope yako kwa bahasha zake. Kumbe tungepima bahasha zake kwa matope." Akafungua tena mlango wa gari, akashusha sanduku. "Nitakata vipande vyembamba kule Dar. Vijumba vya katikati vimezibwa pande zote, matope yake hayawezi kuwa yameingia baadaye. Yakisema kama unavyosema wewe, basi ndivyo ilivyo."

"Na yakikataa?"

"Nitakupigia simu nikwambie yamekataa."

Natalia aliona hilo ni la haki. Daktari akaiweka fomu juu ya boneti, akafuta mstari mmoja na kuandika mwingine: mahali vilipookotwa, kwa ushahidi wa udongo uliomo vijumbani, ukilinganishwa na daftari la mkusanyaji, vimetengwa kwa mara ya kwanza na Natalia Sulle. Chini akaongeza kwamba vipande hamsini na vinane mahali pake hapajulikani.

Natalia alisoma mpaka yale maneno ya mara ya kwanza, akayarudia. Hapo ndipo yalipomwingia. Novemba baada ya Novemba alikuwa amepiga magoti kwa kosa la kuchanganya vitu ambavyo Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuvitenganisha.

"Mwalimu," alisema kwa sauti, pale pale kwenye uwanja wa shule, Daktari akimtazama, "Mwalimu wewe! Miaka minane!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na ilibidi ajifute kwa mkono wa koti kwanza ndipo aweze kuuona mstari wa kuweka saini.